Zamu ya Tingatinga

Kiti chenyewe hakikuwa na lolote la kujivunia. Kilikuwa cha chuma, rangi yake ya kijani imebanduka, na mguu wake mmoja ulikuwa umelegea, hivi kwamba ukikaa upande kinakutingisha kama mtu anayekuuliza umefuata nini hapa. Wiki nzima kilikaa kwenye kona ya darasa la pili kikibeba ndoo na matambara ya kupigia deki. Lakini Ijumaa, kabla ya kengele ya mapumziko, Mwalimu alikipangusa, akakiweka mbele ya ubao, na watoto wote wakanyamaza bila kuambiwa. Hicho ndicho kilikuwa Kiti cha Sifa.

Mchezo ulikuwa hivi. Kila Ijumaa mtoto mmoja alikaa pale, mzazi wake akiwa amealikwa, na wenzake wakainua mikono kutaja wema aliomtendea mtu. Mwalimu ndiye aliyeubuni, na mwanzoni ulikuwa vichekesho vitupu. Huyu anasema mwenzake ni mzuri. Yule anasema ana viatu vizuri. Mmoja akasimama kifua mbele akasema anamsifu mwenzake kwa sababu baba yake ana pikipiki. Mwalimu akaona hapana, hapa tunapoteza chaki bure. Ndipo akaweka sharti: kila anayesimama aanze na maneno "Nimeona kwa macho yangu." Si nguo, si nywele, si maksi, si pikipiki. Ni jambo ulilomwona mwenzako akimfanyia mtu. Kama hujaona, kaa kimya.

Na hakuna watu wanaopenda sharti kama watoto wa darasa la pili. Hakimu anaweza kukuonea huruma, hawa, thubutu. Hasa Kiranja, mvulana mwembamba aliyefunga kifutio chake kwa uzi kwenye kifungo cha shati ili kisipotee. Mtu akianza tu na "Nimesikia kwamba," Kiranja alikuwa ameshasimama: "Mwalimu, huyo hajaona!"

Mwalimu Mkuu alipita siku moja, akachungulia dirishani, akauliza kama kiti hicho kimo kwenye mtaala.

"Kimo, Mkuu," Mwalimu alijibu bila kupepesa. "Ukurasa wa mwisho kabisa."

Mwalimu Mkuu aliondoka akitikisa kichwa. Tangu hapo hakuuliza tena, maana aliogopa kuambiwa aulete mtaala wausome pamoja.

Zamu zilifuata madawati, kuanzia dirishani hadi mlangoni, na hapakuwa na kurukwa wala kupendelewa. Kila kitu kikaenda sawasawa hadi zamu ilipofika kwenye dawati la mwisho, karibu na mlango. Pale alikaa Tingatinga.

Usimfikirie vibaya. Mtoto huyo wa kike hakuwa na roho mbaya hata chembe. Shida yake ni kwamba Mungu alimpa nguvu za mtu mzima, akasahau kumfungia breki. Akikugusa kwenye mchezo wa kukimbizana, wewe uko kichakani. Akifungua mlango, kitasa kinabaki mkononi mwake. Akikuambia siri, mate yanaingia sikioni na majirani wote wameshasikia. Jina la Tingatinga alipewa na Kibogoyo, msichana mwenye mdomo mwepesi na pengo la meno mawili ya mbele, siku ile aliposukumwa kwenye foleni akaenda kukumbatia nguzo. Jina likashika kuliko gundi. Mwalimu alilipiga marufuku darasani, lakini tuseme ukweli, hata yeye moyoni alimwita hivyo hivyo.

Juu ya hayo, upindo wa sketi yake ulikuwa mweusi tii kila asubuhi, kama aliyepanguzia sufuria. Mwalimu alikuwa ameshamkanya kuhusu usafi. Mtoto alitazama chini, akasema "Ndiyo, Mwalimu," na kesho yake akaja na weusi ule ule.

Wazazi wake walikuwa watu wa kujituma. Mama alikuwa nyumbani na mapacha wachanga ambao walipokezana kulia kana kwamba wamepangiana. Kwa hiyo shuleni aliitwa baba, fundi wa kuchomelea vyuma, na aliitwa mara nyingi kiasi kwamba benchi la nje ya ofisi lilikuwa kama la kwake. Aliitwa kwa ajili ya kitasa. Aliitwa kwa ajili ya dirisha, kwa ajili ya pua ya mtu, kwa ajili ya kamba ya kengele. Kila mara alikuja na nguo za kazi, akainamisha kichwa, akaomba radhi, akatengeneza kilichovunjika, akaondoka.

Sasa zamu ya mwanawe imefika, na Mwalimu hakupata usingizi mzuri. Alijipigia hesabu darasa zima, uso mmoja mmoja. Nani atainua mkono? Nani ameona nini? Alipekua hata kumbukumbu zake mwenyewe na kuambulia kitasa. Ijumaa ilipofika akafanya jambo la aibu kidogo: akasema koo limemkauka, mchezo uahirishwe.

Tingatinga alimfuata mezani.

"Pole, Mwalimu," alisema kwa ile sauti yake ya kutikisa vikombe. "Kwa hiyo itakuwa Ijumaa ijayo?"

"Itakuwa Ijumaa ijayo."

"Mimi, sio anayenifuata?"

"Wewe."

Mtoto akacheka, akageuka, akaangusha kopo la kalamu. Ndipo Mwalimu alipoona kwamba siku hiyo alikuwa amesukwa nywele upya, na kola yake imepigwa pasi. Alikuwa amejiandaa. Mwalimu akainama, akaziokota kalamu moja moja.

Jioni alimsimulia dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye. Dada alifanya kazi ya kufua na kunyoosha mashuka hospitalini, na hata nyumbani hakuweza kukaa bila pasi mkononi.

"Atakaa pale mbele ya baba yake," Mwalimu alisema, "na hakuna mkono utakaoinuliwa. Dada, nitakuwa nimemwalika yule baba aje aone mwanawe hana mtu."

"Basi futa huo mchezo."

"Nikiufuta anajua ni kwa sababu yake."

"Basi waache watoto wenyewe."

"Ndio hao hao wamemwita Tingatinga!"

Dada aligeuza shati, akapiga pasi mkono wa pili. "Wewe shida yako unataka kila chungu kichemke ukiwa umesimama juu yake," alisema. "Kaa chini unywe chai."

Mwalimu hakukaa chini. Alikuwa na wiki nzima, na alikata kauli: kama wema wa Tingatinga haujaonekana, yeye ataufanya uonekane.

Jumatatu, watoto wote wakiwa wametulia, alipita karibu na dawati la mwisho na kuangusha boksi la chaki, makusudi kabisa. Chaki zikatawanyika. "Ala! Chaki zangu jamani," alisema, kwa sauti ya mwigizaji aliyefeli majaribio. Tingatinga aliruka kama aliyeitwa kuzima moto. Alikimbilia chaki ya mbali, na njiani akazikanyaga zile za karibu zote. Alimkabidhi Mwalimu chaki moja nzima na unga.

Jumanne aliwapa kazi ya kuchora wawili wawili, akamketisha Tingatinga na Kibogoyo, na kwa wote wawili akaweka kalamu moja tu ya rangi nyekundu. Alijiambia, sasa lazima mmoja ampishe mwenzake. Kibogoyo aliihitaji kwa ajili ya paa, Tingatinga kwa ajili ya jua. Tingatinga aliitazama kalamu, akamtazama mwenzake, akaivunja katikati, kwacha, akampa kipande kikubwa. Kibogoyo akapiga yowe kwamba kalamu ya darasa imeuawa. Akalia hadi pengo likaonekana lote.

Jumatano alimtuma ampeleke mtoto wa darasa la kwanza bombani akanawe mikono. Walirudi mtoto akiwa ameloa kuanzia utosini hadi soksi, anatetemeka, lakini mikono, haki ya Mungu, ilikuwa imetakata.

"Alikuwa na tope pia masikioni," Tingatinga alieleza.

Alhamisi maji yakamfika Mwalimu shingoni. Wakati wa kwenda nyumbani alimzuia Kiranja, akafunga mlango, akainama hadi wakatazamana.

"Kesho," alisema, "nataka unisaidie. Utainua mkono na kusema kwamba mwenzako alikuokotea kifutio."

Kiranja alifikiri. "Lakini hakuniokotea."

"Angekuokotea kama kingeanguka."

"Hakianguki." Akamwonyesha uzi.

"Ninajua hakianguki. Wewe sema tu. Ni kumsaidia. Unataka afurahi, sivyo?"

"Nataka," Kiranja alisema polepole. "Lakini niliona lini?"

"Mwanangu, sema tu hivyo kesho, halafu basi."

Mtoto aliondoka akiburuta begi, uso umemkunjamana kama aliyepewa hesabu ya darasa la saba. Mwalimu alibaki ameshika mlango. Alijua kabisa kwamba alichofanya si kizuri, na akajiambia kwamba ni kidogo tu, ni kifutio tu, na ni kwa nia njema. Maneno haya hayakumsaidia sana.

Ijumaa baba alifika mapema mno. Mwalimu alimkuta amesimama nje ya darasa na nguo zake za kazi zenye matundu madogo madogo ya cheche, begi la zana begani, miwani myeusi ya kuchomelea imening'inia shingoni. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, kinyume kabisa na mwanawe.

"Habari za kazi, Mwalimu," alisema. "Amevunja nini?"

"Hajavunja kitu, baba."

"Basi amemuumiza nani?"

"Hajamuumiza mtu. Si tulikutumia mwaliko? Leo ni siku yake. Wenzake watamsifu."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa bei ya chini kupita kiasi na anasubiri kasoro itajwe. Kisha akapiga begi lake taratibu. "Hata hivyo nimekuja na spana," alisema. "Huwezi kujua."

Mwalimu alimketisha nyuma, kwenye dawati la watoto, magoti yake yakapanda hadi kifuani. Yeye hakulalamika. Aliweka begi miguuni, akakunja mikono, akajitahidi kuonekana mdogo.

Wakati ukafika. Kiti kikapanguswa, kikawekwa mbele ya ubao. Tingatinga alitoka kwenye dawati lake akitembea taratibu sana, kama aliyebeba maji kichwani, ili asigonge kitu. Alikaa. Kiti kikatingishika, akakishika kwa mikono miwili, kikatulia. Akamtazama baba yake, akatabasamu, akawatazama wenzake.

"Haya," Mwalimu alisema. "Nani ameona kwa macho yake?"

Hakuna mkono. Mtu alikohoa. Nje, mpishi wa shule alikuwa anasugua sufuria, na kila mkwaruzo uliingia darasani bila kupunguzwa. Kibogoyo alijitia kukagua kucha. Mwalimu akamtupia Kiranja jicho. Kiranja akajitia hakuliona. Akatupiwa la pili, zito zaidi, na mtoto wa watu akasimama, jasho jembamba likimtoka.

"Nimeona kwa macho ya Mwalimu," alianza, akasita. Akaanza upya. "Mwalimu ameniambia niseme kwamba aliniokotea kifutio. Lakini mimi sikuona. Kifutio changu hakijawahi kuanguka, nimekifunga kwa uzi. Samahani, Mwalimu. Nilijaribu kukiangusha jana nyumbani, lakini yeye hakuwepo."

Akakaa.

Hapo ndipo Mwalimu alipotamani ardhi ipasuke, na kama isingeweza kupasuka basi angalau Mwalimu Mkuu atangaze moto. Watoto waligeuza macho yao yote kwake, wakishangaa, kwa sababu sharti lile lilikuwa lake yeye mwenyewe. Nyuma ya darasa, dawati lililia. Baba alikuwa anajichomoa, kwanza goti moja, halafu la pili.

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema kwa ile sauti ndogo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Mwalimu maini. "Si kosa lako. Ulitaka kutusitiri, nakushukuru. Twende, mama."

Alimwita mwanawe mama, kama wababa wanavyowaita mabinti wanaowapenda, akamnyooshea mkono.

Tingatinga hakuinuka. Tabasamu lilikuwa limemtoka, lakini alikuwa ameking'ang'ania kiti.

"Bado, baba. Zamu yangu haijaisha." Kisha akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, aliyekaa hapa anaruhusiwa kusema?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Sharti halikusema lolote. Mwalimu alimtazama Kiranja bila kutaka, kwa mazoea, na Kiranja akainua mabega: hakuna mahali palipokatazwa.

"Sema," Mwalimu alisema.

Mtoto akavuta pumzi. "Nimeona kwa macho yangu," alisema, na madirisha yakaitikia. "Nimemwona Kiranja. Yeye huliweka daftari lake upande, hivi, halilingani na dawati, ili jirani yake aone, kwa sababu jirani yake haoni ubaoni na anaogopa kusema."

Jirani yake Kiranja akainamisha kichwa kwa haya. Kiranja akalinyoosha daftari haraka, halafu akalirudisha lilivyokuwa.

"Nimemwona Kibogoyo. Siku ile ya mvua alimfunika mdogo wake kwa sweta lake, akasema yeye hasikii baridi. Alikuwa anasikia. Alikuwa anatetemeka mpaka kidevu."

Kibogoyo akaacha kucha zake.

Hakukomea hapo. Alimtaja yule anayerudi nyuma kila siku kufunga bomba walilosahau wengine. Alimtaja aliyemwambia mwenzake "hata mimi nimekosa" kumbe alipata zote. Alimtaja aliyeshindwa mbio makusudi ili mgonjwa asiwe wa mwisho. Dawati kwa dawati, dirishani hadi mlangoni, na kila mmoja alikuwa na kitu, na karibu vyote vilikuwa vitu ambavyo havikutajwa walipokaa wenyewe kwenye kiti kile. Watoto walikuwa wanageuka kutazamana kama watu wanaotambulishwa upya. Mwalimu, aliyejisifu kwamba anawajua watoto wake mpaka viatu, alisimama ubaoni na hakukijua hata kimoja.

"Halafu nimemwona Mwalimu," Tingatinga alimalizia. "Jumatatu alimwaga chaki makusudi ili mimi niziokote. Nilikimbia sana, ndiyo maana zikavunjika. Samahani, Mwalimu."

Mwalimu aligeukia ubao, akafuta maneno ambayo hayakuwepo. Alifuta muda mrefu.

Ni Kiranja aliyeuliza, maana asingeweza kulala na jambo lisiloeleweka. "Wewe unaonaje vyote hivyo?"

"Mimi sichezi na mtu," Tingatinga alisema. Hakusema kwa kulalamika, aliulizwa, akajibu. "Wakati wa mapumziko nakaa pale kwenye bomba. Nawaangalia mnavyofanya, ili nami nijue. Lakini nikifanya mimi, inavunjika."

Kibogoyo alikuwa amesimama, na mkono wake hakuuinua tu, aliutikisa.

"Nimeona kwa macho yangu!" alisema, na kila "s" iliyofuata ikapita kwenye pengo kwa mluzi. "Sasa hivi, hapa hapa. Nimemwona akitusifu wote, hata mimi. Na mimi ndiye niliyemwita jina baya." Akatafuta mfukoni, akatoa kipande cha kalamu nyekundu. "Na Jumanne alinipa kipande kikubwa. Yeye alichukua kidogo. Nililia, lakini niliona."

"Hiyo inaruhusiwa?" mtu alinong'ona.

Kiranja alisimama kutoa hukumu. "Ameona," alisema. "Inaruhusiwa."

Basi ndipo mikono ilipoanza. Wote kwa pamoja walikuwa wameona jambo lile lile, sasa hivi, kwa macho yao, na kila mmoja alitaka kulisema kwa mdomo wake. Mwalimu aliwaacha. Aliwaacha waseme wote, na kila aliyesema, Tingatinga alimkazia macho kana kwamba anahofia neno litamponyoka kabla hajalimeza.

Walipokwisha, ulibaki mkono mmoja umeinuliwa nyuma. Ulikuwa mkubwa, una makovu ya moto. Baba alikuwa amekaa tena, magoti kifuani.

"Wazazi wanaruhusiwa?" aliuliza.

Mwalimu hakumtazama Kiranja safari hii. "Wanaruhusiwa."

"Nimeona kwa macho yangu," baba alisema. Akasimama, akakohoa, akashika ile miwani iliyoning'inia shingoni. "Kazi yangu ni ya moshi. Nikirudi jioni miwani hii ni masizi matupu, huoni kitu. Asubuhi nikiamka naikuta inang'aa. Mama yake ana mapacha, hana nafasi hiyo. Kuna siku niliamka mapema, nikamwona huyu amekaa mlangoni, anaisugua kwa sketi yake ya shule. Taratibu. Haijawahi hata kupata mchubuko. Sikumwambia kitu. Kila nikiitwa hapa narudi nyumbani nimekasirika, na lile la asubuhi nalisahau. Leo nimelikumbuka. Asante, mama."

Mwalimu akautazama upindo wa sketi, mweusi tii, akakumbuka jinsi alivyomkanya. Aliona haya na furaha kwa pamoja.

Tingatinga hakungoja kengele. Aliruka kutoka kwenye kiti amfuate baba yake, akaruka kwa nguvu zake zote, bila breki, na nyuma yake kukasikika kishindo. Kiti cha Sifa kilikuwa chali, na ule mguu uliolegea ulikuwa umebingiria hadi mlangoni.

Watoto wote wakashika midomo. Tingatinga akasimama katikati ya njia, mikono hewani, uso umempauka.

Baba alikitazama kiti. Akautazama mguu. Halafu akaanza kucheka, kicheko kikubwa ambacho hakuna aliyejua kwamba kimo ndani ya mtu mwenye sauti ndogo namna ile.

"Si nilisema nimekuja na spana!" alisema, akafungua begi.

Darasa likaangua kicheko, hata Kiranja, ambaye kwa kawaida alicheka baada ya kuhakikisha. Kengele ikalia katikati ya vurugu hiyo. Kibogoyo akamshika Tingatinga mkono, akamvuta mlangoni. "Twende, tunakosa zamu ya kamba. Wewe utazungusha. Una nguvu, itakwenda kasi!" Na wale wengine wakatoka nyuma yao kwa kelele za kuziba masikio.

Mwalimu alimwita Kiranja kabla hajatoka. "Jana nilikuambia useme uongo," alisema. "Haikuwa sawa. Nisamehe."

Kiranja alimkubalia kwa kichwa, kwa uzito wote wa cheo chake. "Usirudie, Mwalimu," alisema, akakimbia.

Walibaki wawili. Baba alipiga magoti sakafuni, akaingiza boliti mpya, na Mwalimu akamshikia mguu wa kiti usiteleze wakati anakaza nati. Alikaza, akajaribu kwa kiganja, akakaza tena. Kiti kikasimama imara kuliko siku zote.

"Mwalimu," alisema akipangusa mikono, "ikitokea tena jambo kama la leo, uniite. Hata niwe na kazi kiasi gani."

"Nitakuita."

Akabeba begi lake. Mlangoni alisimama, akavaa ile miwani juu ya paji la uso, akatazama uwanjani, akitafuta. Mwalimu naye akasogea dirishani. Kulikuwa na vumbi na kamba inayozunguka kwa kasi ya ajabu, na watoto waliokuwa wanapiga kelele kwa hofu na raha. Kule kwenye bomba hapakuwa na mtu.